Gari la Safari ya Jumapili

Fundi aliweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Vizuri. Muuzaji anayepasha injini moto kabla mteja hajafika ana la kuficha.

"Washa," alisema.

Injini iliitika mara moja. Fundi akatega sikio, akachungulia eksozi, akachomoa kijiti cha oili na kukifuta kwa kitambaa. Hakuna moshi, hakuna kugongagonga.

"Shangazi, hili halina neno. Linakwenda mwisho wa barabara na kurudi."

"Hawatakwama njiani?"

"Labda wakwamishwe na usingizi."

Shangazi alilizunguka gari. "Rangi yake inanichusha," akasema.

Fundi alifunga boneti. Shangazi yake hakuwa mtu wa kubishana naye, na tena alimhurumia. Binti wa pekee wa shangazi alikuwa anahamia mji wa mbali na mumewe Jumapili, pamoja na mapacha ambao shangazi amewabeba mgongoni tangu wazaliwe. Mkwe alitaka kukata tiketi za basi. Shangazi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto: wajukuu zake wapande basi, naye yu hai? Gari atawanunulia yeye, wasubiri. Tangu siku hiyo hali, halali, anazunguka yadi za magari na fundi wake.

Gari la pili lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Lilipanda mlima bila kuhema. Shangazi alikanyaga breki mwenyewe, akaridhika nazo, kisha akasema kiti cha nyuma kinanuka.

"Kiti kinafuliwa, Shangazi. Injini haifuliwi."

"Mdomo huo umeurithi kwa baba yako. Twende."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. La tatu lilikuwa limesuguliwa mpaka unaweza kunyolea ndevu mlangoni, na muuzaji alikuja kuwapokea barabarani. Fundi alifungua mfuniko wa oili, akakuta utandu mweupe kama maziwa yaliyoganda. Akaguna, akamvuta shangazi pembeni.

"Hili tulikimbie. Maji yameingia kwenye oili. Likipata moto kidogo tu, linazima. Hawatavuka hata daraja la mto."

"Linazima ghafla? Watoto wasije wakaumia."

"Linazima taratibu, kama mzee anayesinzia. Lakini Shangazi..."

"Breki?"

"Breki nzima, tairi mpya. Ugonjwa uko kwenye injini."

"Kulitengeneza je?"

"Spea zake hazipatikani siku hizi. Ni miezi, tena ukibahatika."

Shangazi alivuta pumzi ndefu. Kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu, akampungia mkono muuzaji.

"Hili ndilo," alisema. "Lete funguo."