Ngiri ya Baba Gody

Magige alibebwa na wanaume wanne hadi kwenye mtumbwi, ingawa miguu yake haikuwa na tatizo lolote. Asubuhi hiyohiyo miguu hiyo ilikuwa imempeleka kwa jirani kunywa chai na kumrudisha salama.

Nyuma yao alikuja mkewe, Dorotea, na begi la nguo, jagi la uji, shuka mbili na mto wa mgonjwa. Mzigo huo haukumshtua mtu. Mgonjwa alikuwa Magige.

Ngiri yake ilikuwa na umri wa miaka sita, na miaka yote hiyo ilikuwa na adabu. Akibeba gunia la dagaa, ilivimba kinenani. Akilala, ilirudi ndani yenyewe. Pale kijijini Murangi aliisimulia kama watu wanavyosimulia ng'ombe wao. Habari za hospitali hakutaka kuzisikia.

Asubuhi hiyo Dorotea alirudi kutoka zahanati, alikokwenda kupima malaria, akiwa amejaa elimu.

"Baba Gody, nesi kanieleza," alisema, ameshikilia mlango. "Ngiri ziko nyingi. Ya kitovu ni ya watoto, mara nyingi inaishaga yenyewe. Ya kinena inatoka na kurudi. Ila kuna ya paja. Kauvimbe kadogo, kagumu, hakarudi ndani. Utumbo unanasa humo, unaoza. Unatapika, choo kinagoma, siku mbili tatu wanakuzika."

"Yangu ni ipi?"

"Mimi nitajuaje? Ila naogopa sana."

Magige alikaa chini. Ushujaa wa miaka sita ulimtoka palepale, na bila shaka akaanza kuhisi kichefuchefu.

Sasa, mtumbwi wa injini ulikuwa mali ya ukoo, na haukubeba mgonjwa mpaka ndugu wakae kikao. Utaratibu mzuri sana, unaokoa petroli. Mwaka jana walikaa kumjadili Helena, mke wa mdogo wake Magige, Mugeta. Helena alikuwa analia tumbo. Walimjadili siku tatu, kwa busara kubwa, maana matumbo ya wanawake yana mambo mengi. Siku ya nne walijadili mbao za jeneza. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na mpaka leo inauma.

Safari hii kikao kilichukua dakika kumi.

"Ngiri ni ugonjwa wa wanaume," Mugeta alitamka, kwa mamlaka ya mtu ambaye hajasomea chochote. "Huu haunaga kusubiri. Uhai wa mtu hauchezewi."

Wote walikubali kwamba uhai wa mtu hauchezewi. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, kwa hiyo injini iliwashwa mchana huohuo.

Ziwa lilikuwa limetulia. Magige alilala katikati ya mtumbwi, akatoa wosia wa ng'ombe wake, akaurekebisha, kisha akaomba uji. Dorotea, aliyezaliwa ufukweni na kukulia ndani ya mitumbwi, alimmiminia, halafu akainama ubavuni mwa mtumbwi, akatapika mara mbili.

"Shemeji, leo ziwa linakushinda?" Mugeta alimcheka, mkono kwenye injini.

"Moshi huo." Alijifuta mdomo kwa khanga. "Ongeza mwendo. Kaka yako anaumia."

Upendo wa kupigiwa mfano. Magige mwenyewe aliguswa, akamwongeza kwenye wosia: ndama mmoja.

Walipofika bandari ya Mwigobero, mjini, walipanda bajaji. Hospitalini, Magige aliingia kwa daktari akiegemea bega la mkewe, naye Mugeta akabaki nje na maswali ya wauguzi. Daktari, dada mmoja mpole aliyeitwa Naomi, alimwambia Magige asimame, akohoe, kisha alale. Alibonyeza kidogo.

"Mzee, hii ni ya kinena. Iko juu ya mkunjo wa paja, ni laini, na tayari imerudi ndani. Tutakupangia upasuaji, lakini hata mwezi ujao si mbaya."

"Siyo ya paja?" Magige aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa cheo.

"Ya paja inakaa chini ya mkunjo. Wanaume wanaipata mara chache."

Magige alishuka kitandani, akafunga mkanda bila msaada wa mtu. Hofu ilikuwa imeisha, na hasira ikapata nafasi.

"Mama Gody, mafuta yote yale. Umetutoa Murangi mpaka huku kwa kitu cha kusubiri?"

Dorotea alikuwa ameshaweka begi sakafuni, na sasa alikuwa anapanda kitandani palepale alipotoka mumewe, taratibu, huku akiuma meno.

"Daktari, sasa niangalie mimi," alisema. "Yangu imekataa kurudi tangu jana jioni."