Jibu la Bwana Harusi

Bi Tunu alikwenda kuchagua mashine ya CD ya kuunganisha na spika zake, akachukua CD ya ndoa yake ya kujaribia. Kwenye mashine ya ghali sheikh alitamka, "Nimekuozesha Tunu," kisha ikaruka mpaka kwenye dua, kama ilivyofanya kwenye ile mashine mbovu ya nyumbani. Siku ile ya ndoa yeye alikuwa ndani na wanawake. Jibu la marehemu mumewe hakuwahi kulisikia. Miaka yote ya ndoa yao alimtania mumewe kwamba hakukubali kumwoa.

"Jaribu hii ya bei nafuu," muuzaji alisema.

Hii haikuruka. Mumewe akasikika akikohoa, kama kawaida yake kabla ya neno zito.

Bi Tunu akaizima. "Nifungie hii."

"Mama, mbona hujamaliza kusikiliza?"

"Nitamalizia nyumbani," alisema, akiuweka vizuri mtandio kama mtu aliyesikia hodi mlangoni.