Haki ya Watu wa Chini

Injinia alipiga magoti juu ya zulia la chumba cha mikutano, mbele ya mwanamume aliyegombana naye miaka nenda miaka rudi. Wajumbe wote wa kamati ya bonde wakatazama pembeni kwa aibu.

"Inuka, dada," mwanamume akasema. "Usinitie dhambini."

"Siinuki. Nipe siku mbili, kaka. Mbili tu."

Mwanamume huyo alikuwa mkuu wa bwawa la juu, kule mto unakoanzia. Injinia aliwasemea watu wa chini, wa mji ulio kando ya ziwa, mto unakoishia. Ni yeye aliyembandika mwenzake jina la Kizibo, kwa kuwa hakuna maji yaliyopita kwake bila vita, na jina likamganda hata mkewe akawa analitumia akikasirika nyumbani. Leo hakuna aliyekuwa na hamu ya utani.

Asubuhi mama yake injinia alikuwa amepiga simu kutoka ghorofani kwenye shule, ambako majirani walimbeba yeye na wazee wengine wasioweza kutembea. Sauti yake ilikuwa imekauka. Watoto, alisema, wanapewa maji ya kunywa kwa kifuniko cha chupa. Mahindi yote yameharibika shambani, mbuzi wa jirani wamekufa, zahanati imefungwa, na wenye nguvu zao wamejitwika magodoro wakahama.

"Ziwa ulilokulia silo hili tena, mwanangu," mama alisema. "Hao wakubwa wenzako wanasemaje?"

"Tunaongea nao, mama."

"Ongeeni haraka basi. Mimi nimeshakula chumvi yangu ya kutosha, lakini hawa watoto je?"

Kisha simu ikakatika, na tangu hapo kila akipiga haipatikani. Mezani, mbele ya kila mjumbe, palikuwa na chupa ya maji baridi. Injinia hakuweza kuigusa ya kwake. Kila akiitazama alikiona kile kifuniko, na roho ikamuuma.

"Mama yangu yuko kule, kaka," alisema, magoti bado chini. "Hawezi kutembea. Nikipata siku mbili, malori yatafika, tutawatoa wote. Baada ya hapo fanya utakavyo. Sitakulaumu hata mbele ya Mungu."

Kizibo alijifuta uso kwa leso. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililozidi kumkatisha injinia tamaa, maana mtu mbaya angalau unaweza kumtisha.

"Na mimi nina watu, dada. Mashamba yao yako pale pale penye bwawa. Nikikusikiliza wewe, wao ndio watakaoumia. Nitawaambia nini?"

"Wako wataumia mashamba. Wangu watakufa!"

Sauti yake ilipasuka kwenye neno la mwisho. Mwenyekiti akakohoa, akapanga kalamu zake, akakumbusha kwamba kamati hii haiendeshwi kwa machozi. Inaendeshwa kwa Mpango wa Bonde, ambao pande zote mbili ziliutia saini kwa hiari yao.

Injinia aliujua Mpango kuliko mtu yeyote chumbani, kwani karibu wote aliuandika yeye. Kila neno alilipima na kulipima tena. Kila ufa ambao Kizibo angeweza kupenyeza ujanja wake, aliuziba. Siku uliposainiwa, watu wa ziwani walimbeba juu juu mitaani wakimwita Mama Haki, na mama yake akalia kwa furaha mpaka majirani wakamtania.

"Basi tuubadilishe," alisema. "Kifungu kimoja tu. Hapa hapa, sasa hivi."

"Kuubadilisha kunahitaji mawaziri wa pande zote wakae pamoja," mwenyekiti alijibu, bila kumtazama. "Unajua vizuri. Uliandika wewe."

Injinia akamgeukia Kizibo, akaukamata mkono wake kwa mikono miwili.

"Uvunje, kaka. Mara hii moja. Nani atakushitaki? Nitasimama mimi mwenyewe mahakamani niseme nilikuomba. Kama ni kufungwa, nifungwe mimi."

Kizibo aliitazama ile mikono iliyomshika. Labda alikuwa anamfikiria mama yake mwenyewe, labda alikuwa amechoka tu, lakini huruma ilikuwa machoni mwake, wazi kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, injinia alivuta pumzi mpaka ikafika chini ya kifua.

Ndipo simu ya Kizibo ikaita. Walikuwa vijana wake wa bwawani. Alisikiliza, na uso ukamsawijika.

"Subirini," aliwaambia.

Akajichomoa taratibu mikononi mwa injinia. Akauvuta Mpango uliokuwa mezani, akafunua ukurasa alioutaka, akasoma maneno ambayo mwanamke aliyekuwa amepiga magoti aliyapigania miaka yote ile: "Mamlaka ya bwawa la juu haitayazuia maji ya watu wa chini hata kwa siku moja, kwa sababu yoyote ile."

Kisha akairudisha simu sikioni.

"Fungueni malango yote," alisema. "Ndiyo, najua mafuriko huko chini yameshafika madirishani. Fungueni."