Jiwe la Kilomita Ishirini

Anayekupimia njia, naye mpime.

Miaka minne Mwasiti alikimbia kila asubuhi akililenga jiwe jeupe la kilomita ishirini. Leo alilifikia. Alilikumbatia, akalia.

"Si nilikwambia utaweza, shoga yangu?" Tausi alisema, akishuka kwenye baiskeli.

Mwasiti akatembea kutuliza pumzi. Mbele, baada ya kona, akaona duara la udongo mtupu katikati ya nyasi, limezungukwa na chokaa.

"Tausi! Jiwe umelisogeza?"

"Nilikuonea huruma. Kila siku unaishiwa pumzi pale pale."

"Wanangu wananingoja. Nikawaambie nini?"

"Waambie umefika. Nani atajua?"

Mwasiti alilirudia jiwe, akalipakata kifuani kama mtoto mgonjwa, akaanza kupanda kuelekea kona, kulirudisha kwenye duara lake.