Nyumba Iliyosifiwa na Majirani

Maneno alikuwa akichimba mfereji uliokwisha kuchimbwa. Jembe lilipanda na kushuka, lakini kazi yote ilifanywa na sikio lake la kushoto. Hatua chache kutoka pale, Nasimiyu, yule mama wa Kikenya aliyeitaka nyumba yake, alikuwa ameshika koleo katikati ya majirani, anawahoji.

Kosa lilikuwa la redio. Wiki nzima ilikuwa imewashauri wanunuzi wa nyumba: usimsikilize dalali, mwenye nyumba usimsikilize kabisa. Nenda kwenye umuganda, Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi mtaa mzima unapotoka kufanya kazi, shika jembe pamoja na wenyeji, watakwambia hata alipozikwa paka. Na Nasimiyu, kumbe, alikuwa na redio.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Wahenga hawakuwa na chumba cha nyuma kama cha Maneno. Masika yakikolea, maji ya mlima wa Kagugu huingia humo bila hodi wala kuvua viatu. Majirani walilijua hilo vizuri, maana ndio waliokuja na ndoo kuyachota. Neno moja tu kutoka kwao, na mnunuzi angepanda pikipiki akarudi zake Remera, upande wa pili wa jiji.

Na wangekosaje kulisema? Maneno alikuwa jicho la mtaa. Kuku wa Usumani, fundi cherehani, akivuka barabara, Maneno yuko kwenye simu na mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wa mtaa. Mukarugwiza, mama wa nyumba ya pili, akianika shuka juu ya ua, simu. Muziki wa harusi ukipitiliza kidogo, simu. Faini walilipa wao, lakini usafi na utulivu si walifaidi wote? Yeye aliuita upendo. Sasa, jembe mkononi, alikuwa anangoja kulipwa upendo wake.

"Nyumba ile?" Ilikuwa sauti ya Mukarugwiza. "Dada yangu, ile ingekuwa mwanamume ningeolewa nayo bila mahari."

Usumani akadakia kwamba ukuta wake haujui ufa. Nasimiyu akauliza habari za maji. Maneno akafumba macho.

"Maji?" akasema Usumani. "Nyumba ile haijawahi kukosa maji."

Hata Uwizeye, mkuu wa mudugudu, mtu asiyeweza kumwambia mgonjwa kwamba anaonekana afadhali, alitikisa kichwa kukubali.

Maneno nusura alie. Kumbe walimpenda! Kwa kitambo kidogo moyo wa kuuza ukamlegea. Kisha akakumbuka kwa nini anauza, ukakaza tena.

Mtaa ulikuwa unafilisika. Alikuwa ameziona dalili kwa macho yake, na macho yake, tumeshasema, hayakuwa na likizo. Mukarugwiza kauza makochi, anakaribisha wageni kwenye mkeka. Usumani kaacha kuezeka baraza, mabati yamelala uani. Uwizeye kasogeza mbele harusi ya binti yake. Harufu ya nyama jioni ilikuwa imepotea kabisa. Na ikimina yao, kile kikundi cha kuwekeana akiba ambacho hakuna aliyewahi kumwalika Maneno, ilikuwa inakutana kila Jumapili. Akipita, wote wanageukia habari za mvua. Njaa ina aibu, aliwaza kwa huruma. Mtaa ukianza kula maharage bila mafuta, bei za nyumba nazo zitakonda. Mwenye akili huuza mapema.

Mchana ule ule, barazani, akamtajia Nasimiyu bei ambayo hata yeye mwenyewe aliiona kubwa. Mama yule akaenda pembeni kupiga simu, akazungumza kwa sauti ya chini, akarudi akakubali. Maneno akajuta kwa nini hakuongeza.

"Mko wengi?" akamuuliza, sasa kwa ukarimu wa mtu aliyekwisha kuuza.

"Wengi sana, mzee. Ila tunasikilizana."

"Vyumba ni vitatu tu."

"Tutapeana zamu."

Maneno akamhurumia. Watu wengine wanaishije, Mungu wangu.

Akapata nyumba ndogo Batsinda, mambo ya hati yakaenda, ikafika siku ya kuhama. Hapo ndipo alipouona upendo wenyewe. Mtaa mzima ulikuja kumsaidia. Kabati lilipanda lori mbio mbio, kitanda kikafuata kabla hakijafunguliwa vizuri. Hawakumwacha abebe hata ufagio. Mukarugwiza aliingia kila chumba, akatoka, akamuuliza kama ana hakika hajasahau kitu chochote kitakachomrudisha. Akauliza tena. Maneno akafuta chozi kwa kiganja.

Lori lilipokwisha kuwashwa, alimkabidhi Nasimiyu ufunguo, mbele ya wote, akaibariki nyumba na watakaolala humo.

"Basi unahamia lini, mama?"

"Mimi sihami, mzee. Kwangu ni Remera. Mimi nilitumwa tu na ikimina."

Akampa ufunguo Mukarugwiza. Mukarugwiza akaubusu, akampa Usumani. Usumani akaupima uzito kiganjani, kama mtu anayepima kitambaa cha suti, akampa wa pembeni yake, naye akampa aliyefuata. Mukarugwiza akaingia kwake mara moja, akatoka na shuka linalochuruzika maji, akalitandaza taratibu juu ya ua ule ule, akalinyoosha mikunjo.

Mazoea yana taabu. Maneno akatoa simu ampigie mkuu wa mudugudu. Ikaita hapo hapo, nyuma ya mgongo wake, mfukoni mwa Uwizeye, ambaye ndiyo kwanza zamu yake ya kuushika ufunguo ilikuwa imefika.