Mlango Uliojifunga

Mlango ulijifunga nyuma yangu, ta! Nilikuwa bado nimeshika mfuko wa takataka.

Kwetu mlango hufungwa na mtu. Huku hujifunga wenyewe, na ufunguo nilikuwa nimeuacha mezani, pamoja na simu. Ndani alikuwemo mtoto wa mama aliyenipokea kwake nilipokuja kusoma, na maziwa yalikuwa jikoni, motoni.

Niligonga kwa majirani. Kimya. Wote kazini.

Nikapiga magoti, nikapenyeza vidole kwenye tundu la mlangoni la kutumbukizia barua. Chuma kilikuwa baridi mno. Lugha yao niliyoisoma mwaka mzima ikanitoka yote kichwani.

"Bonge! Njoo kwa dada! Hodi!"

Hodi tu ndiyo aliyoielewa. Ulikuwa mchezo wetu: mimi nagonga mlango wa chumba chake, yeye anaitikia.

"Kaibu!" akajibu, akicheka.

"Fungua basi, baba! Vuta hicho kitasa!"

"Kaibu! Kaibu!"

Kuitikia nilimfundisha. Kufungua sikumfundisha.

Harufu ya maziwa yanayoungua ikanifikia puani. Kisha nikasikia miguu yake midogo ikiondoka mlangoni, na kiti kikiburutwa kuelekea jikoni.