Sensa ya Feni

Beringi ya tatu ilitoka ndani ya feni ikiwa nzima, inang'aa kama jino la maziwa. Sikio akaigeuza, akainusa, akaizungusha karibu na lile sikio lililompa jina. Ikazunguka kimya. Hata kunung'unika haikunung'unika.

"Hii nayo haina kosa," akasema Shoti, fundi umeme. "Tumeitoa feni ya watu roho bure."

"Kifaa kimesema nyekundu."

"Kimekuambia wewe, mzee. Mimi huniambia kijani."

Hapo ndipo penye mwiba. Feni ile kubwa ilikaa juu ya jukwaa la chuma, ikivuta vumbi la unga la kiwanda kizima, na chini yake waliketi washonaji wa midomo ya magunia. Mmoja wao alikuwa binti wa dada yake Sikio, aliyemlea tangu hajaota meno. Feni ya namna hiyo ikikatika ikiwa mbioni, haiulizi nani yuko chini.

Zamani Sikio aliweka ncha ya bisibisi kwenye mota na mpini sikioni, akasema, "Huyu hamalizi mwezi," na kweli hakumaliza. Kisha kikaletwa kifaa, kidogo kama kiberiti, chenye ncha ya kugusa mashine na taa moja: kijani salama, nyekundu hatari. Wenye kiwanda walikiita sensa. Siku hiyo washonaji walicheka mpaka nyuzi zikawakatikia.

"Sensa si ya kuhesabu watu?" binti aliuliza. "Mjomba, usisahau kunitaja."

"Hii inahesabu mitikisiko ya mashine. Wewe haikuhusu."

Shoti alikipachika kifaa kwa sumaku yake, akarudi nyuma na kukunja mikono. Sikio hakutaka habari za sumaku. Mashine, alisema, haipimwi kwa kubandikwa kitu mgongoni kama kupe. Inashikwa, kama mgonjwa anavyoshikwa. Kwa hiyo aliitoa sumaku, akakikamata kifaa kwa vidole, akagandamiza ncha kwenye chuma. Nyekundu. Kila mara nyekundu.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu.

"Tangu lini mimi nikapewa chai nusu kikombe?" alimuuliza mkewe asubuhi ile.

"Tangu ulipoanza kugombana na hiyo feni yako. Nikijaza, anayekunywa ni kitambaa cha meza."

Hasira hasara, hilo alilijua. Lakini marehemu baba yake, aliyekuwa kinyozi, alikuwa na neno lake: chombo kibaya humwaibisha fundi. Mzee yule, kila alipomkata mteja shavu, alibadilisha wembe juu ya wembe mpaka siku alipofunga kibanda, na hadi anaingia kaburini alikuwa akiwalaani watengeneza nyembe.

Walipokuwa wakiirudisha beringi, nati zilimponyoka Sikio, zikadunda chini ya jukwaa. Binti wa dada yake akaziokota, akapanda nazo, akamwekea kiganjani moja moja, akivifunga vidole vyake juu ya kila moja.

Mkuu wa zamu, mama mwenye sauti ndogo isiyorudia jambo, alikuwa akingoja chini ya ngazi.

"Fundi, nakuheshimu," akasema. "Lakini umeshanisimamishia kiwanda mara tatu kwa jambo la hewani. Ukiisimamisha tena na isiwe na kitu, feni ni ya Shoti. Wewe utakaa stoo, ugawe glovu."

"Na ikikatika?"

"Ikikatika nitakuja mwenyewe kukuomba radhi."

"Radhi huombwa walio hai, mkuu."

Feni ikawashwa. Shoti akapachika sumaku: kijani. Akatazama pembeni kwa adabu, na adabu ile ikamchoma Sikio kuliko tusi. Akakibandua kifaa, akagusisha ncha pale pale. Nyekundu. Akagandamiza mpaka jasho likamtoka. Nyekundu. Chini yake, binti alikuwa ameinamia gunia, unga umemtua kwenye kope kama mvi za kuazima.

Sikio akapiga swichi.

"Umejichongea, mzee," Shoti akasema taratibu.

Feni ikapiga mwayo mrefu, ikapunguza mwendo, mapanga yakaanza kuonekana moja moja nyuma ya wavu. Washonaji wakainua vichwa. Mkuu wa zamu akaja, bila haraka, akasimama chini ya jukwaa.

"Stoo nitakwenda," Sikio akasema, ncha bado ameigandamiza kwenye chuma. "Ila kwanza mtazame, nyote. Feni ikilala, taa itarudi kijani. Ndipo mtajua mtikisiko unatoka wapi."

Wakatazama. Panga la mwisho likasita, likarudi nyuma kidogo, likatulia. Kiwanda kikawa kimya mpaka ukadhani utausikia unga ukitua.

Taa ilikuwa nyekundu.

"Kibovu," Sikio akasema. "Si nilisema? Chombo chenyewe ni kibovu."

Binti wa dada yake akachomeka sindano kwenye gunia, akapanda ngazi, akapiga magoti kando yake. Kifaa hakukigusa.

"Mjomba," akasema, "usiondoe."

Akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akaubana pale pale juu ya chuma, polepole, kama mtu anayemtuliza njiwa.

Taa ikawa kijani.